Barua ya wazi kwa wanaosimamia elimu: Tupeni muda wa kusoma kazi za mtandaoni kabla ya kipindi

Waheshimiwa,

Nawaandikia ninyi mnaosimamia elimu, kuanzia wizarani hadi ofisi ya mkuu wa shule, kwa kuwa jambo ninaloliomba hupita mikononi mwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari. Kwa miaka sita sasa nafundisha kwa mseto: vipindi kadhaa vya wiki tunakutana ana kwa ana, na kazi nyingine wanafunzi huifanya kwenye jukwaa la kujifunzia mtandaoni, ambalo shuleni kwetu kila mtu analiita mfumo tu. "Mwalimu, kazi umeshaiweka kwenye mfumo?" Hivyo ndivyo wanavyoniuliza kila Ijumaa, mabegi yakiwa tayari mgongoni.

Mfumo naupenda. Nalisema hili mapema ili barua yangu isisomwe kama malalamiko ya mtu anayeogopa mashine. Umenipa kitu ambacho miaka yote ya chaki sikuwa nacho: kujua, kabla sijaingia darasani, nani amekwama na amekwama wapi. Lakini nimekaa kwenye vikao vingi vya kupanga ufundishaji huu, na humo tunazungumzia vishikwambi, leseni, kasi ya intaneti na idadi ya wanafunzi walioingia kwenye mfumo. Saa ambayo mwalimu ataisoma kazi iliyofanywa huko, hiyo bado sijaisikia ikitajwa. Naomba itajwe, na naomba itengewe nafasi kwenye ratiba.

Niwaonyeshe ninachokizungumzia kwa swali moja. Jumatatu moja jioni niliweka kwenye mfumo zoezi fupi: rahisisha 3 − (x − 2). Kulikuwa na majibu manne ya kuchagua, na chini yake kisanduku cha kuandika, "Eleza ulivyofikiri." Darasa lina wanafunzi 41. Jumanne asubuhi nilipofungua ripoti, 36 walikuwa wamejibu. Waliopata 5 − x walikuwa 9. Watano walikuwa wametawanyika huku na kule. Na 22 walikuwa wamechagua jibu moja lile lile: 1 − x.

Watu 22 wakikosea kwa namna moja, hapo hakuna uzembe. Kuna wazo ambalo wote wanalo. Niliona kwamba ile alama ya kutoa iliyo nje ya mabano wameifikisha kwa x peke yake, na ile 2 ya ndani wameiacha na alama yake ya zamani. Lakini kwa nini? Jibu lilikuwa kwenye visanduku. Msichana mmoja, ambaye darasani hunyoosha mkono mara moja kwa mwezi, alikuwa ameandika: "Mabano nimeyatoa kwa sababu hayana kazi, hakuna namba mbele yake." Nilisoma sentensi hiyo mara mbili. Nilikuwa nimefundisha mada hiyo wiki mbili nzima, na kila mara mfano wangu ulikuwa na namba mbele ya mabano. Mimi ndiye niliyewafundisha, bila kujua, kwamba mabano yasiyo na namba mbele ni pambo.

Andalio la somo la siku hiyo nililiweka kando. Nilipoingia sikusema nani kapata na nani kakosa. Niliandika ubaoni 3 − (x − 2), 1 − x na 5 − x, nikawaambia waweke 2 mahali pa x. La kwanza likatoa 3. La pili likatoa −1. La tatu likatoa 3. Wakarudia kwa 10, wakarudia kwa 0, na kila mara yale mawili yalikubaliana na lile moja likabaki peke yake. Hapo wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe juu ya mabano, na yule msichana ndiye aliyesema kwamba anayetoa mfuko huwa anatoa na vilivyomo. Sikuwa na la kuongeza. Kipindi kile ni miongoni mwa vipindi bora nilivyowahi kufundisha, na kilitengenezwa na dakika 40 za asubuhi nikiwa nimekaa na ripoti mbele yangu.

Sasa sehemu inayonifanya niandike barua. Dakika 40 hizo nilizipata kwa bahati. Jumanne kipindi changu cha kwanza hakina darasa; mpanga ratiba hakukusudia hivyo, vipindi viliangukia hapo. Darasa langu la pili, lenye wanafunzi walewale kwa umri na uwezo, hufundishwa Alhamisi, siku ambayo nina vipindi vitano mfululizo tangu kengele ya asubuhi. Nao walifanya zoezi lile lile Jumatano jioni. Nao walijibu 1 − x kwa wingi ule ule. Nilijua saa tatu usiku wa Alhamisi, nikiwa nyumbani, baada ya kuwafundisha somo jipya juu ya kosa ambalo sikujua wanalo. Mwalimu ni yule yule, na mfumo na swali vilikuwa vile vile. Darasa la Alhamisi waliendelea kulibeba kosa hilo hadi kwenye mtihani wa katikati ya muhula, na nililikuta huko, karatasi baada ya karatasi.

Nimetafakari sana juu ya madarasa haya mawili. Ufundishaji wa mseto una nusu mbili, na kila nusu inaweza kuwa nzuri kivyake huku mtoto asifaidike. Kinachoziunganisha ni mwalimu aliyesoma. Akiingia darasani akiwa hajaona kilichofanyika kwenye mfumo, wanafunzi wanakuwa na shule mbili zisizojuana, na kazi inaongezeka pande zote mbili.

Utafiti nao unaelekea huko, ukisomwa hadi mwisho. Mwaka 2010 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitoa uchambuzi uliopekua tafiti zaidi ya elfu moja za ufundishaji wa mtandaoni zilizofanywa kati ya 1996 na 2008, ukabakiza chache zilizolinganisha makundi kwa njia ya kuaminika. Sehemu iliyo rahisi kunukuu ni ile inayosema kwamba waliosoma kwa mseto walifanya vizuri zaidi kwa wastani kuliko waliosoma ana kwa ana tu. Lakini waandishi wenyewe waliweka onyo: madarasa ya mseto mara nyingi yalipewa pia muda zaidi wa kujifunza na shughuli ambazo kundi lingine halikupata, kwa hiyo faida ile isihesabiwe kuwa ya mtandao wenyewe. Walisema pia kwamba tafiti za wanafunzi wa shule zilikuwa chache mno, nyingi zilihusu vyuo na watu wazima. Mimi nalisoma onyo hilo kama habari njema. Linatuambia mahali pa kuweka nguvu: kwenye muda, na kwenye kile kinachofanywa ndani ya muda huo.

Angalieni pia walikoanzia walimu wawili wa kemia wa Colorado, Jonathan Bergmann na Aaron Sams. Mwaka 2007 walianza kurekodi masomo yao kwa ajili ya wanafunzi waliokosa vipindi. Wakagundua kwamba hata waliohudhuria wanazitazama rekodi zile. Ndipo wakageuza mpango: maelezo yatazamwe nyumbani, na kipindi kitumike kufanya maswali mwalimu akizunguka kati ya madawati. Wengi wetu tumeiga nusu ya kwanza. Tumerekodi video. Ile nusu ya pili, ya mwalimu aliyeachiwa kipindi kizima akae na mwanafunzi aliyekwama, hatujaipa nafasi, maana muhtasari umejaa na kipindi kimebaki cha kuhubiri kama zamani. Mwanafunzi sasa anahubiriwa mara mbili, mara moja na skrini na mara moja na mimi.

Kuna jambo jingine ambalo mfumo unalifanya vizuri kuliko mkono wangu, na nasikitika kuona tunavyolitupa. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio ambayo kila mpanga mitaala anapaswa kuyajua. Waliwapa wanafunzi matini wasome. Wengine wakairudia kuisoma, wengine wakafunga karatasi na kujaribu kukumbuka walichosoma. Dakika 5 baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka: waliojijaribu ndio waliokumbuka zaidi. Maswali mafupi ya mara kwa mara, yasiyo na alama za kumtisha mtu, ndiyo kazi ambayo jukwaa la mtandaoni liliumbiwa. Linauliza, linasahihisha papo hapo, linarudisha swali lile lile baada ya siku nne. Mimi siwezi kusahihisha maswali 10 ya watoto 41 kila siku. Lenyewe linaweza.

Badala yake, mfumo umekuwa stoo. Nimefungua somo la mwenzangu mmoja kumsaidia, nikakuta faili la kurasa 38 lililopigwa skani kwa ubavu, ukurasa wa 12 ukiwa na kivuli cha kidole. Hakuna swali hata moja. Mwanafunzi atalifungua kwenye simu yenye skrini ya kiganja, atalivuta kushoto na kulia, atafika ukurasa wa tatu, atalifunga. Simlaumu mwenzangu. Aliagizwa kwamba kila mada iwe na kitu kwenye mfumo ifikapo mwisho wa wiki, akapewa semina ya nusu siku iliyomfundisha jinsi ya kupakia, akapakia. Maswali 6 mazuri, yaliyotungwa ili kila jibu lisilo sahihi limwambie mwalimu jambo, huchukua muda mrefu kuliko kuskani kitabu kizima. Muda huo hakuupata, na agizo halikuuliza ubora.

Hapa niseme neno juu ya mnavyotupima. Ripoti mnazotuomba zinahesabu walioingia, mara walizoingia, na asilimia ya kazi zilizopakiwa. Nina mwanafunzi ambaye jioni moja aliingia mara 14. Kwenye ripoti yenu huyo ni hodari. Nilipomuuliza, alisema intaneti ilikuwa inakatika na kila ikirudi ilimbidi aanze upya na neno la siri. Hakuwahi kufika kwenye swali la pili. Namba 14 ile ilikuwa kilio cha kuomba msaada, nasi tuliiandika kama mafanikio.

Mwingine huwasilisha kazi saa kumi alfajiri. Mfumo unampa alama nyekundu: umechelewa. Simu anayotumia ni ya mama yake, ambaye hurudi kazini usiku. Mtoto hulala mapema na kuamka wakati simu iko huru. Yeye ndiye mwenye nidhamu kuliko darasa zima, na kila siku anapokea nyekundu. Niliiondoa kwa mkono nilipojua, lakini nilijua kwa sababu nilikaa nikatazama saa za kuwasilisha. Hakuna ripoti iliyoniletea habari hiyo.

Najua mtu atasema dawa ya hao wawili ni kifaa kwa kila mtoto. Vifaa vinahitajika, sibishi. Lakini jambo hili limeshajaribiwa kwa kiwango kikubwa. Peru ilisambaza kompyuta mpakato kwa wanafunzi chini ya mpango wa One Laptop per Child (kompyuta mpakato moja kwa kila mtoto), na watafiti wakafuatilia shule 319 za msingi vijijini. Baada ya takriban miezi 15, kompyuta zilikuwa zimepanda kutoka 0.12 hadi 1.18 kwa mwanafunzi, yaani zaidi ya moja kwa kila mtoto. Alama za hisabati na lugha hazikusogea. Kulikuwa na dalili ya kuongezeka kwa uwezo wa jumla wa kufikiri, na hilo tulitaje kwa haki, ila masomo yenyewe yalibaki pale pale. Kifaa kilifika, na ufundishaji haukuwa umebadilika.

Ninachokipendekeza kinaanzia kwenye ratiba, na kinagusa matatizo mengi kwa pamoja. Tuseme darasa lina vipindi vinne vya hisabati kwa wiki. Kimoja kati ya vinne kiandikwe rasmi kuwa kipindi cha mfumo, kifanyikie shuleni, kwenye chumba cha kompyuta au maktaba, chini ya msimamizi ambaye si lazima awe mwalimu wa somo. Wanafunzi wafanye humo sehemu kubwa ya kazi ya mtandaoni. Na mwalimu wa somo, katika kipindi hicho hicho, awe mezani akisoma majibu yanavyoingia, akipanga somo linalofuata kulingana na anachokiona.

Fikirini kinachotokea hapo. Mtoto wa simu ya mama anapata kifaa mchana. Yule wa mara 14 anapata mtandao wa shule. Anayejibu kwa kunakili kutoka programu za akili mnemba, jambo tunaloliona kila wiki sasa, anakuwa mbele ya macho ya mtu, na swali analolijibu lina uzito mdogo kiasi kwamba hana sababu ya kudanganya. Nami napata dakika zangu 40 bila kutegemea bahati.

Hesabu yake ni nyepesi kuifanya. Kusoma maelezo ya wanafunzi 41, dakika moja kila mmoja, ni dakika 41. Mwalimu mwenye madarasa matano anahitaji dakika 205, yaani saa tatu na dakika 25 kwa wiki. Hizo leo zinatoka usiku wake, au hazitoki kabisa. Mara nyingi hazitoki kabisa, na hilo tunalifichaficha kwa sababu kukiri kwamba hukusoma kazi ya wanafunzi ni aibu kwa mwalimu. Gharama ya pendekezo langu ni msimamizi na mada chache kupunguzwa. Naijua si ndogo. Mwenye shule ndogo atauliza msimamizi atoke wapi, na sina jibu moja la kumfaa kila mtu. Shule nyingine zitaunganisha madarasa mawili kwenye ukumbi mmoja, nyingine zitatumia mkutubi. Lakini gharama hiyo ipo hata leo. Inalipwa na darasa la Alhamisi.

Kuhusu mtandao kukatika, nisikawie, kwa kuwa mafundi wameshatatua sehemu kubwa. Moodle, jukwaa la kujifunzia lililoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa mwaka 2002, ni ya bure, shule inaweza kuisimika kwenye seva yake, na programu yake ya simu humruhusu mwanafunzi kupakua somo na kulifungua bila intaneti. Kolibri, ya shirika la Learning Equality, ilitengenezwa mahsusi kwa mahali pasipo na intaneti: kompyuta moja, hata ndogo ya kukaa kiganjani kama Raspberry Pi, inabeba masomo na kuyagawa kwa vifaa vingine chumbani. Kabla ya kununua kifurushi cha intaneti kwa ajili ya video, ulizeni kama video hizo zinaweza kukaa ndani ya jengo. Na video ziwe na maandishi chini. Nina mwanafunzi asiyesikia vizuri ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akijaribu kusoma midomo ya mtu aliyerekodiwa akiwa ameupa uso ubao.

Kuna suala ambalo linahitaji mkono wenu kuliko wangu, maana mimi sisaini mikataba. Shule zilipofungwa mwaka 2020, nchi zaidi ya 190 ziliathirika, na kwa takwimu za UNESCO wanafunzi karibu bilioni 1.6 walijikuta nje ya madarasa. Kila mmoja alishika jukwaa lililokuwa karibu. Miaka miwili baadaye Human Rights Watch, shirika la kutetea haki za binadamu, ilichapisha uchunguzi wa bidhaa zaidi ya 160 za kujifunzia zilizotumika katika nchi 49, ikaeleza kwamba takriban 9 kati ya kila 10 zilikuwa na namna ya kushughulikia data iliyohatarisha au kukiuka haki za watoto. Nyingi zilikuwa zimependekezwa na serikali. Walimu tuliwaambia watoto, "Jisajilini," nao wakajisajili kwa sababu walituamini. Yule msichana aliyeandika kwamba mabano hayana kazi aliniandikia mimi. Hakumwandikia mtangazaji wa biashara, wala kampuni itakayokumbuka kosa lake miaka kumi. Mkataba wenu useme wazi nani anaona, anaona nini, na kinafutwa lini.

Useme pia tutatokaje. Edmodo, jukwaa jingine la kujifunzia, ilianza mwaka 2008 na ikatumiwa na mamilioni ya walimu na wanafunzi duniani. Septemba 2022 ilifungwa. Mwalimu aliyekuwa ametunga maswali yake humo kwa miaka ilimbidi ayahamishe mwenyewe au ayaache. Benki ya maswali ya mwalimu ni kazi ya maisha. Maswali yangu ya mabano nimeyarekebisha kila mwaka kwa kutazama makosa ya waliotangulia. Yale majibu manne ya kuchagua hayakuja kwa kubahatisha, kila moja ni kosa ambalo mtoto fulani aliwahi kulifanya. Kabla ya kutuingiza kwenye jukwaa lolote, jaribuni kutoa somo moja zima humo na kulifungua kwenye jukwaa jingine. Likishindikana siku ya maonyesho, muuzaji akiwa pembeni yenu anatabasamu, basi siku ya kuhama litashindikana zaidi.

Na mafunzo. Nusu siku ya kuonyeshwa vitufe haitoshi, na siyo hasa tunachokihitaji. Nilichojifunza zaidi juu ya mfumo nilijifunza kwa kukaa na mwalimu wa fizikia tukitazama ripoti ya darasa langu, yeye akiniuliza, "Hawa watano waliochagua C waliwaza nini?" Tulikaa saa nzima kwa maswali manne. Wekeni vikao vya namna hiyo, walimu wawili na ripoti moja ya kweli, mara moja kwa mwezi. Havihitaji mgeni rasmi wala posho ya mkufunzi. Vinahitaji kuandikwa kwenye kalenda ya shule ili mtu asiitwe kwenye jambo jingine saa hiyo.

Nawaomba pia mje. Mkija kukagua, msiombe kuonyeshwa chumba cha kompyuta. Ombeni ripoti ya swali moja, lolote, la wiki hiyo, kisha mwulizeni mwalimu alifanya nini darasani baada ya kuiona. Kwa wengi wetu jibu litakuwa ni kimya, na naomba kimya hicho mkikute bila hasira, mkiulize kilikotoka.

Jumatatu jioni nitaweka swali jingine: 5 − 2(x − 3). Safari hii kuna namba mbele ya mabano na alama ya kutoa kwa pamoja, na najua nitamtafuta nani kwanza kwenye majibu. Darasa la Jumanne nitawasoma kabla ya kengele. Darasa la Alhamisi watakuwa wamejibu pia, na visanduku vyao vitakuwa vimejaa maelezo, na nitaingia kuwafundisha nikiwa sijavifungua, mpaka ratiba iguswe.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa hisabati